Nywila imesahaulika, kioo kimekufa: uanze na kipi, ulipie kipi?

Mama aliingia kibandani kwangu, ninapotengeneza laptopu hapa Mombasa, saa nne asubuhi akitokea kivukoni Likoni, laptopu kaivingirisha kwenye leso ndani ya kikapu. Shikamoo yangu aliijibu huku anaifungua.

"Marahaba mwanangu. Kioo kimekufa, na paswadi nayo nimeisahau. Fundi wa kwanza kaniambia tufomati, tutie kioo kipya, yaishe."

"Ndani mna nini, mama?"

"Alama za wanafunzi. Muhula mzima."

Ushauri wa yule fundi wa kwanza si wizi. Kwa watu wengine ndio unaofaa hasa: unalipa mara moja, unaondoka na mashine inayofanya kazi. Ila ulitolewa kabla mama hajaulizwa ndani mna nini, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu hapa chini. Kuna anayetaka mafaili na mashine haimshughulishi, na kuna anayetaka mashine na yaliyomo hayamhusu. Hawa wawili hawafai kulipia kazi moja. Basi nitazipanga njia kama ninavyompangia mteja mezani, na ile ambayo ningeichagua mimi sitaificha.

Uone kwanza, uingie baadaye

Matatizo haya mawili yakija pamoja, wengi huanza na nywila kwa sababu ndiyo inayowaudhi. Mimi huanza na kioo, tena bila kukinunua. Nina skrini kuukuu ya kompyuta ya mezani na kebo ya HDMI, na nyumbani televisheni yoyote yenye tundu la HDMI itafanya kazi ile ile. Chomeka, washa laptopu, kisha chagua HDMI kwenye rimoti. Picha isipokuja, shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, bonyeza mshale wa chini, halafu Enter. Isipokubali, rudia tena. Laptopu za kale hutoa picha kupitia VGA, tundu la picha la zamani. Nyembamba za siku hizi huenda zikawa na USB-C peke yake, na hapo utahitaji adapta. Tahadhari: si kila tundu la USB-C linatoa picha, kwa hivyo ijaribu adapta pale pale dukani kabla hujailipia.

Dakika tano za jaribio hili ndizo zinazokuokolea pesa. Picha ikiwa safi kwenye TV, kwa kawaida bodi, yaani sakiti kuu ya laptopu, ni nzima na ugonjwa uko kwenye kioo au kebo yake. Mistari na madoa yakionekana na huko pia, ugonjwa uko kwenye bodi, na kioo kipya utakachonunua kitaonyesha mistari ile ile kwa uzuri zaidi.

Kwa yule mama picha ilikuja safi. Pakatokea ukurasa wa kuingilia, jina lake na kisanduku cha nywila. Akaniambia nywila anaikumbuka, ila mashine ilianza kuikataa wiki iliyopita, kabla kioo hakijafa, ndiyo maana kaamini kuwa kaisahau. Pembeni mwa kile kisanduku pana alama ya jicho: ukiibonyeza, badala ya vidoti unaona herufi ulizoandika. Nikamwonyesha, nikageuza uso nikatazama tuktuk zinavyogombania abiria barabarani. Kimya kidogo. Kisha: "Fundi, hii M yangu imekwenda wapi?"

Mjukuu alikuwa amemwaga uji kwenye kibodi. Kitufe cha M kilikufa, na kwa vile kisanduku cha nywila huonyesha vidoti tupu, mama hakuwa na namna ya kujua kwamba kila anapoandika, herufi moja inabaki nje. Kwenye ukurasa ule ule wa kuingilia, chini kuliani, pana alama ya usaidizi inayoleta kibodi ya kwenye skrini. Alibofya herufi moja moja kwa kipanya, akaingia. Hakuna nywila iliyobadilishwa wala diski iliyofutwa. Angekubali kufomati, angelipia kupoteza muhula mzima kwa sababu ya kijiko cha uji.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha njia yoyote ya nywila, hakikisha kweli umeisahau. Tazama Caps Lock na Num Lock, tazama lugha ya kibodi, chomeka kibodi ya USB ya kuazima ujaribu. Sidai kila kisa huwa hivi, lakini vinatosha kunifanya nisimguse mtu diski yake kabla ya jicho lile kubonyezwa.

Kioo: kusafisha, mtumba, kipya, au usinunue

Kioo kilichopasuka hakina mjadala. Ukiona doa jeusi kama wino uliomwagika, au ufa unaoanzia pembeni, kimekwenda. (Hapa kisababishi ninachokijua sana ni visikizi vilivyosahaulika juu ya kibodi, mtu akafunga kifuniko na kusukuma.) Lakini kioo kisichoonyesha kitu bila kuwa na ufa kinastahili kupimwa. Zima taa za chumbani, washa laptopu, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiiona picha imefifia mle ndani, kioo kinachora na kilichokufa ni taa yake ya nyuma. Picha ikiwa inakuja na kupotea unapoinua na kushusha kifuniko, shuku kebo inayopita kwenye bawaba. Zipo Dell nyingi ambazo ukishika herufi D huku unawasha, kioo hujipima chenyewe kwa kuonyesha rangi tupu moja baada ya nyingine. Rangi zikiwa safi, kioo kizima, shida iko kwingine.

Halafu kuna Mombasa yenyewe. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na soketi ndogo ya nyuma ya kioo hufanya ukijani kwenye pini zake kama senti ya zamani. Laptopu inayoishi Nyali au Bamburi karibu na maji, madirisha wazi mchana kutwa, hupata ugonjwa huu mapema kuliko ile ya bara. Mara nyingine tiba ni kuchomoa kebo, kusugua pini kwa brashi laini na spiriti kali ya mafundi, kungoja ikauke na kuirudisha. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote, na fundi anayeuza vioo hana haraka ya kukutajia. Muombe aijaribu kwanza.

Ikibidi kununua, sasa ndio ulinganisho wenyewe. Kioo cha mtumba ni kile kilichotolewa kwenye laptopu iliyokufa bodi. Bei yake huwa chini, na kwa mashine ya zamani huenda ndicho pekee kinachopatikana siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba hujui kimewaka saa ngapi maishani, na taa ya nyuma hufifia kwa umri. Mimi sikubali cha mtumba mpaka kiwashwe mbele yangu, kwanza kwenye rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Nyeupe hufichua madoa ya manjano na alama za kubanwa, nyeusi hufichua mwanga unaovuja pembeni. Muuzaji akikataa kukiwasha, kirudishe mezani.

Kioo kipya kinakuja na udhamini, lakini kina mtego wa kufanana. Vioo viwili vya inchi 15.6 vinaweza kulingana kwa upana na visiingiliane kabisa. Tazama mambo manne: ukubwa, idadi ya pikseli (1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080), pini za soketi, 30 au 40, na kama kina masikio ya skrubu pembeni au hakina. Za pini 40 utazikuta kwenye vioo vya kugusa, vya michezo, na pia kwenye laptopu za zamani zilizotumia mfumo tofauti wa kupeleka picha kwenye kioo, kwa hivyo hata 40 na 40 si lazima zipatane. Njia isiyokosea ni kufungua fremu, kugeuza kioo kibovu na kupiga picha namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni. Jina la laptopu peke yake halitoshi, kwa sababu kiwanda kimoja hutia vioo tofauti kwenye jina moja. Nimeona mtu amesafirishiwa kioo kutoka Nairobi kwa basi la usiku, na asubuhi soketi ikakataa. Alikuwa ameagiza kwa jina la laptopu tu.

Kioo cha kugusa kina hesabu yake. Mara nyingi kimegandishwa na glasi ya mbele, unabadilisha kifuniko chote, na bei huruka. Kama hugusi skrini yako kwa kidole, usishawishike kulipia mguso.

Na njia ya nne, ambayo wateja huniangalia vibaya nikiitaja: usinunue. Kebo ya HDMI ni mamia ya shilingi, kioo ni maelfu. Kama laptopu inakaa mezani dukani ikiandika risiti na haitoki kwenda popote, skrini kuukuu ya kompyuta ya mezani itakupa picha kubwa kuliko ile uliyokuwa nayo. Mwanafunzi anayepanda matatu kila siku, njia hii haimfai hata kidogo. Mwenye duka Kongowea inamfaa.

Nywila: barua pepe, diski, au kufuta

Haya, tuseme nywila umeisahau kweli. Kwanza jua ni ya aina gani. Chini ya jina lako kwenye ukurasa wa kuingilia pakionekana anwani ya barua pepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft, mtindo ulioingia na Windows 8 mwaka 2012. Jina tupu laweza kuwa akaunti ya ndani ya mashine yenyewe. Na kama ulichosahau ni namba fupi ya PIN, mara nyingi nywila ya akaunti bado unaijua, na "nimesahau PIN" ipo pale pale chini ya kisanduku.

Akaunti ya Microsoft ndiyo yenye ahueni. Kwa simu yako unaenda kwenye tovuti yao ya kubadilisha nywila, unapokea namba kwa ujumbe au barua pepe, unaweka nywila mpya. Kisha laptopu iunganishwe na intaneti hapo hapo kwenye ukurasa wa kuingilia, hata kwa hotspoti ya simu, la sivyo haitajua kama nywila imebadilika. Haikugharimu ila bando, na hakuna faili linaloguswa. Udhaifu wake ni laini ya simu. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyojiandikisha nayo, na wengi wetu laini ya mwaka ule tulishaitupa. Kama laini ni yako na imepotea tu, nenda na kitambulisho ukaifanyie badilisho kwanza, ndipo urudi kwenye nywila. Usikimbilie kubadilisha taarifa zote za usalama za akaunti kwa pamoja: ukifanya hivyo, Microsoft huzifungia kwa siku 30 kabla ya kuzikubali.

Akaunti ya ndani ina maswali ya usalama, ikiwa iliwekwa kwenye Windows 10 ya mwaka 2018 kuja juu na wewe uliyajibu. Ukikosea nywila mara moja, chaguo la kuibadilisha linatokea. Usipokumbuka majibu, mafundi wana programu za kufuta nywila ya ndani kwa flashi. Zinafanya kazi, lakini sikiliza gharama isiyosemwa: nywila ikibadilishwa kwa nguvu kutoka nje, zile nywila nyingine ulizohifadhi ndani ya kivinjari huweza kubaki zimefungwa daima, kwa sababu Windows ilizifunga kwa nywila yako ya kale. Utayaona mafaili, lakini barua pepe na tovuti zako utaanza kuziingia upya. Kwa mtu anayehifadhi kila kitu kwenye kivinjari, hiyo si hasara ndogo.

Njia ya kutoa diski ndiyo niipendayo pale mafaili yakiwa ndiyo mali. Unafungua sahani ya chini, unaitoa diski, unaitia kwenye kasha la USB, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kunakili. Kioo kibovu hakihusiki, nywila ya Windows haihusiki. Diski za inchi 2.5 kwa kawaida zinaingia kasha la inchi 2.5 la SATA, aina ya kiunganishi cha diski. Zile nyembamba kama ubani wa kutafuna zina aina mbili, SATA na NVMe, zinafanana machoni na mara nyingi hazikubali kasha moja, basi tazama kibandiko kabla ya kununua. Kuna laptopu nyembamba ambazo hifadhi imechomelewa kwenye bodi, na hapo njia hii imefungwa.

Inafungwa pia na BitLocker, kufuli ya Windows ya diski nzima. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski nzima zenyewe mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 la Windows 11, mwaka 2024, jambo hili limeenea zaidi. Diski ya namna hiyo ukiichomeka kwingine itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni, kwa hiyo unarudi pale pale: iokoe akaunti kwanza. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Mombasa wala wa popote atakayekufungulia, na anayechukua amana kwa kazi hiyo mkimbie.

Kufuta kila kitu na kuweka Windows upya ndiyo njia ya haraka na ya hakika. Ninaipendekeza bila aibu kwa mashine uliyorithi, mashine ya ofisi isiyo na kitu, au mtu ambaye mafaili yake yote yapo kwenye Google Drive. Onyo moja tu: ile chaguo ya kuweka Windows upya huku ukibakiza mafaili yako, usiitegemee kwa tatizo la nywila. Inabakiza na akaunti yako pia, na nywila uliyoisahau inakungoja mlangoni.

Mac ni habari fupi. Nywila hubadilishwa kwa Apple ID (siku hizi inaitwa Apple Account) kupitia hali ya uokoaji: kwenye zenye chipu za Apple, kuanzia mwisho wa 2020, unashikilia kitufe cha kuwashia, kwenye za Intel unashika Command na R. Diski ya Mac za sasa haitoki. Na Mac ikifutwa huku imefungwa na Apple ID ya mtu mwingine, itaendelea kumtaka mwenyewe. Kioo chake nacho ni kifuniko kizima, na bei yake mara nyingi inakaribia ya mashine ya mtumba.

Nywila ya BIOS, ile inayoombwa hata kabla nembo ya Windows haijatokea, ni mnyama mwingine. Kutoa kibetri kidogo cha kwenye bodi kulikuwa kunaiondoa kwenye mashine za kale. Laptopu nyingi za leo hazidanganyiki hivyo. Peleka kwa mtengenezaji pamoja na risiti.

Mashine inastahili?

Swali hili liulizwe kabla kioo hakijaagizwa. Windows 10 ilimaliza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani takribani 2017 kuja huku. Laptopu iliyo chini ya hapo, yenye kioo kilichokufa na diski isiyofunguka, siitilii kioo kipya ila mwenyewe akisisitiza. Ninatoa diski, nanakili mafaili, na mwili unauzwa spea. Iliyo juu ya hapo, yenye betri inayokaa na bawaba zisizolegea, kioo kipya cha aina ile ile ni pesa iliyokaa mahali pake.

Na usishangae nikikuomba risiti, au nikitaka uniambie jina la akaunti kabla sijaiwasha. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya Kenya ya 2018 kinahesabu kuingia kwenye kompyuta bila idhini kuwa kosa, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote pamoja. Fundi asiyekuuliza chochote kuhusu laptopu iliyofungwa hatamuuliza chochote pia yule atakayemletea yako ikiibwa. Wewe nawe una haki: kaa kando wakati mafaili yananakiliwa, na piga picha namba ya mashine kabla hujaiacha.

Mama wa Likoni alikopi alama zake kwenye flashi mbili, moja akaifunga pembeni mwa leso. Kioo hakununua. Amechomeka laptopu kwenye TV ya sebuleni, na kwa ile M anatumia kibodi ya USB aliyonunua njiani akirudi kivukoni. Wajukuu wanalalamika kuwa katuni sasa zinaanza baada ya bibi kumaliza kusahihisha.